Nyigu wa mchanga kwenye ploti: soma dalili kabla ya kuita mtu wa dawa

Lori limemwaga mchanga wa Machakos kwenye ploti ya Ruai au Utawala, pesa za mjengo zimekwama, na mchanga unakaa pale mwezi baada ya mwezi. Jua la Januari likikolea, soja anapiga simu: mdosi, kuna nyuki wamehamia kwenye mchanga, mafundi wamekataa kuchota, niite watu wa kupuliza dawa? Mara nyingi jibu ni hapana, na pesa hiyo heri iongeze mifuko ya saruji. Ila jibu hilo lina masharti, maana si kila mdudu anayeingia ardhini hapa Nairobi ni wa kuachwa.

Mhusika mkuu hapa ni nyigu wa mchanga wa jenasi ya Bembix. Jina hilo lilitolewa na Fabricius mwaka 1775, na leo jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 300 duniani, nyingi zikiwa Afrika. Ni mdudu mnene kiasi, wa sentimita moja na nusu hadi mbili na nusu, mweusi mwenye mikanda ya manjano au ya kijani hafifu, macho makubwa, na mdomo uliochongoka mbele. Chakula cha watoto wake ni nzi. Jike huchimba peke yake, huwinda peke yake na hulea peke yake. Hakuna malkia, hakuna walinzi, hakuna asali wala masega ya kulindwa. Ukilishika hilo, dalili nyingi zilizo hapa chini zitakueleweka zenyewe.

Anza hapa: shimo moja, dakika kumi

Simama mbali kidogo, chagua shimo moja tu, ulitazame kwa dakika kumi jua likiwa limewaka. Usitazame rundo zima la mchanga, utachanganyikiwa.

Ukiona wadudu wengi wakipishana mlangoni mwa shimo hilo hilo, huyu anaingia na yule anatoka bila kukoma, basi hilo ni kundi. Nyuki wetu hawachagui sana nyumba: watakaa kwenye boksi la mita ya maji, kwenye tairi kuukuu, hata kwenye shimo la ardhini lililoachwa na panya. Hapo usijaribu chochote. Ondoa watoto, fungia mbwa, na utafute mtu anayejua kuhamisha nyuki. Mengine yote yaliyo hapa chini hayakuhusu.

Ukiona shimo lina mwenyewe mmoja, anakuja, anaingia, anakaa, anatoka, na shimo la jirani lina mwenyewe mwingine, hao ni wachimbaji wa pekee hata wakiwa mia moja kwenye rundo moja. Wamekutanishwa na mchanga mzuri, wala si ukoo. Ukivuruga shimo la mmoja, wenzake hawatakufuata.

Na kama shimo halina mtu kabisa? Shimo la umbo la faneli kwenye vumbi kavu chini ya paa ni mtego wa mdudu anayekamata siafu wanaoteleza. Watoto huuchezea kwa kijiti na hauna madhara. Vichuguu vya udongo mbichi vinavyozuka shambani usiku ni vya fuko. Vitundu vingi vilivyofunguka baada ya mvua na mabawa yametapakaa kando yake ni vya kumbikumbi.

Dalili: wengi wanaruka chini chini juu ya mchanga, kwa kelele, bila kutua

Hii ndiyo inayotisha watu zaidi, na ndiyo isiyo na neno. Wanaofanya hivyo kwa kawaida ni madume. Madume hutoka ardhini kabla ya majike, kisha hushinda wakipita juu ya mchanga sentimita chache tu wakingoja jike atokeze. Dume hana mwiba. Mwiba wa nyigu ni kiungo cha kutagia kilichogeuzwa kuwa silaha, kwa hiyo hakuna dume wa nyigu yeyote, awe wa mchanga au wa darini, anayeweza kukudunga. Atakujia usoni, atakuzunguka, ataondoka.

Kelele hiyo hupungua yenyewe majike wakishapandwa na kuanza kazi. Pia hukatika ghafla wingu likifunika jua, na hicho ni kipimo kingine kizuri: nyigu hawa wanategemea joto. Mawingu ya Julai yakitanda Nairobi, unaweza kupita kwenye rundo lile lile asubuhi hadi jioni usione hata mmoja.

Dalili: mchanga umechakurwa lakini mashimo hayaonekani

Sababu ni kwamba mwenye nyumba ametoka na kufunga mlango. Jike wa Bembix ana meno ya chanuo kwenye miguu ya mbele, na hurusha mchanga nyuma kama mbwa anayefukua mfupa. Akitoka kuwinda huuziba mlango kwa mchanga na kusawazisha juu. Wengine huchimba hata vishimo vya bandia kando, visivyoelekea popote. Kwa hiyo ukihesabu mashimo yaliyo wazi ili kujua una nyigu wangapi, umepotea njia.

Chini ya mlango huo kuna handaki linaloshuka mshazari hadi kwenye chumba kimoja chenye buu mmoja. Hapa ndipo Bembix anapotofautiana na wachimbaji wengi. Wengi hujaza chumba nyama ya kutosha, hutaga yai, hufunga, na hawarudi tena. Yeye hulea. Buu akiwa mdogo analetewa nzi wachache. Anavyokua analetewa zaidi, siku baada ya siku, na kabla hajashiba nzi wanaweza kufika ishirini au kupita. Ndiyo maana unaona jike yule yule akirudi kwenye sehemu ile ile mara nyingi kwa siku.

Mafundi wakichota mchanga wakakuta vitu vigumu, virefu kidogo, vimefunikwa chembe za mchanga, wengine hudhani ni kinyesi cha mbuzi. Hivyo ni vifuko vya buu aliyekwisha kula: hariri iliyochanganywa na mchanga, yenye vitundu vidogo katikati vya kupitisha hewa. Havidungi. Pepeta mchanga, uviweke kando.

Dalili: nyigu anazunguka sehemu moja, anashuka, anapaa tena, hajui aende wapi

Muulize soja kama amefagia.

Nyigu wanaochimba hulikariri eneo. Jike akitoka mara ya kwanza huruka mizunguko juu ya mlango wake akitazama vilivyo karibu: jiwe, ndoo, shina la nyasi, toroli. Mholanzi Niko Tinbergen alilithibitisha jambo hili kwa nyigu wa jenasi nyingine, Philanthus, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Alipanga matunda makavu ya msonobari kuzunguka mlango, akangoja jike azoee, kisha alipotoka akayahamisha kando. Jike aliporudi alitua katikati ya duara la matunda, mahali pasipo na shimo lolote, na nyumba yake iko pale pale karibu. Tinbergen alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kazi yake kuhusu tabia za wanyama.

Kwa hiyo toroli likihamishwa, turubai likitandazwa au ua likifagiliwa, utaona nyigu wanahangaika hewani, na mtu atakwambia wamekasirika. Wanatafuta mlango. Rudisha ndoo ilipokuwa, utaona.

Dalili: ananizunguka mimi, au anamzunguka ng'ombe

Anawinda nzi waliokufuata. Nyigu wa jamii hii wamejifunza kwamba penye mnyama pana nzi, na hukaa karibu naye kama mtu asiye na haraka. Atapita karibu na sikio la ng'ombe, utasikia mshindo mdogo, na pange aliyekuwa akinyonya damu hayupo. Barani Afrika Bembix wameonekana wakiwakamata hata mbung'o. Mazizi ya farasi kule Karen, penye uwanja wa mchanga wa mazoezi na nzi wasiokwisha, yanampa kila anachohitaji. Mwenye farasi anayempiga dawa nyigu huyu anaua msaidizi asiyelipwa mshahara.

Usimpige kofi. Hapo ndipo watu wengi hudungwa, kwa kumbana jike kati ya kiganja na shingo.

Huna uhakika ni nyigu yupi? Tazama alichobeba

Kitambulisho cha nyigu mchimbaji ni mzigo wake. Rangi hudanganya, hasa manjano na nyeusi, ambazo wamevaa nusu ya wadudu wa mji huu. Mzigo haudanganyi.

Nzi aliyebanwa chini ya tumbo kwa miguu ya kati, huku miguu ya mbele ikibaki huru kufungua mlango: Bembix. Kiwavi laini aliyeshikwa kwa taya, na mbebaji ana kiuno chembamba kirefu na tumbo lenye wekundu: Ammophila, rafiki wa mwenye sukuma wiki. Senene au panzi anayeburutwa kwa papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani: Sphex. Fukusi au mbawakawa mwingine mgumu: Cerceris, ambaye hupenda udongo ulioshikamana, kwa hiyo utamkuta kwenye kijia kinachokanyagwa kuliko kwenye mchanga uliolegea. Huyu Cerceris ana kazi ya kushangaza kule Marekani na Kanada: wakaguzi wa misitu hukaa kando ya mashimo ya spishi moja wakaangalia mbawakawa anaowaleta, ili wajue kama mbawakawa mharibifu wa miti iitwayo ash kwa Kiingereza amefika eneo hilo. Nyigu anajua kutafuta kuliko mkaguzi.

Buibui mkubwa anayeburutwa na nyigu mweusi wa buluu mwenye mabawa ya rangi ya chungwa ni habari nyingine. Huyo ni wa jamii ya wawindaji wa buibui, na mwiba wake ni kati ya miiba inayouma vibaya zaidi. Naye hakutafuti, lakini usimwachie mtoto amshike.

Mara nyingi mzigo huo huwa na ganzi. Wengi wa hawa hawamwui windo lao papo hapo. Humdunga apoteze nguvu lakini nyama isioze.

Udongo nao una neno. Upande wa Embakasi na South C, penye udongo mweusi wa pamba unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, Bembix utamkuta karibu kila mara kwenye mchanga ulioletwa na lori, si kwenye ardhi yenyewe. Mchanga ukiisha, naye hana la kumweka.

Dalili: nyuki wangu wanapungua na kuna nyigu wenye mashimo karibu

Hapa mfugaji wa nyuki wa upande wa Lang'ata au Ngong ana haki ya kuuliza, kwa sababu Philanthus ndiye mla nyuki wa kweli. Spishi yake Philanthus triangulum, inayopatikana Afrika na Ulaya, huwinda nyuki wa asali. Jike humvamia nyuki penye maua, humdunga kwa chini karibu na miguu ya mbele ambako gamba ni jembamba, humkamua tumbo na kulamba nekta iliyotoka, kisha humbeba hadi shimoni. Kila buu huwekewa nyuki mmoja hadi watano hivi.

Chumba hicho kina unyevu, na nyama huota ukungu. Philanthus ana dawa yake. Kwenye papasi zake hufuga bakteria wa kundi la Streptomyces, huwapaka kwenye dari ya chumba, na buu akisuka kifuko chake huwaingiza kwenye hariri, ambako hutoa viuavijasumu vya kuzuia ukungu. Jambo hilo lilitangazwa mwaka 2005. Ninaliweka hapa kwa sababu wafugaji nyuki, ambao ndio wenye sababu ya kumchukia, ndio huniuliza zaidi anaishije.

Sasa fanya hesabu. Mzinga wenye afya una maelfu na maelfu ya nyuki, na malkia hutaga mamia kwa siku. Majike wachache wa Philanthus hawataumaliza. Mzinga ukidhoofika, fungua kwanza utazame ndani: nyuzi za nondo wa nta kwenye masega, mbawakawa wadogo weusi wanaokimbia mwanga, siafu wanaopanda miguuni mwa stendi isiyopakwa grisi, ukame ulioondoa maua. Nyuki wetu pia huhama wenyewe wakichoka na usumbufu, wakauacha mzinga mtupu bila kuaga. Ukishayaondoa hayo yote, na bado kuna mashimo mengi ya Philanthus kwenye ardhi tupu iliyo karibu, panda nyasi juu ya ardhi hiyo. Kupuliza dawa ya wadudu karibu na mizinga ili kuokoa nyuki ni jambo ambalo sitalifafanua.

Dalili: kuna "siafu" mkubwa mwenye manyoya anatembea juu ya mchanga

Huyu ndiye wa kuogopwa kwenye rundo hilo, na watu humpuuza kwa sababu hana mabawa. Si siafu. Ni nyigu jike wa jamii nyingine asiye na mabawa, mwili una manyoya mafupi, mara nyingi kifua chekundu na madoa meupe tumboni. Amekuja kutaga kwenye vifuko vya wenzake ili mtoto wake ale buu wao. Mwiba wake ni mrefu na maumivu yake ni makali, na kwa kuwa anatembea chini, anayekutana naye ni mtoto asiye na viatu. Kwenye mchanga wa kuchezea wa shule ya chekechea, ukimwona huyo, hapo nakubali mchanga ufunikwe siku hiyo hiyo.

Wageni wengine wasioalikwa hawana shida kwa binadamu: nyigu mdogo wa kijani au buluu anayemetameta, na vijinzi vya kijivu vinavyomfuata jike nyuma hatua kwa hatua ili kumwekea mabuu yao mlangoni. Ukiwaona wageni hao, ujue makazi ya nyigu kwenye mchanga wako ni ya zamani na yamekwisha kupata wezi.

Dalili: mtu amedungwa

Nyigu haachi mwiba kwenye ngozi. Ukikuta mwiba umebaki na kifuko chake, huyo alikuwa nyuki. Ukwangue utoke haraka. Osha kwa maji na sabuni, weka kitu baridi, vua pete kama ni mkononi. Maumivu ya Bembix ni madogo yakilinganishwa na ya nyigu wa darini.

Uso au ulimi ukivimba, mtu akipumua kwa shida, akitoka vipele mwili mzima, akitapika au akizirai, usimpake chochote wala usingoje. Mpeleke hospitali iliyo karibu zaidi, anahitaji sindano ya adrenalini.

Na mtu akiamka asubuhi na mstari mwekundu unaowaka shingoni, wenye malengelenge, hilo si la nyigu. Huyo ni nairobi flai, mbawakawa mwembamba mwekundu na mweusi anayezidi wakati wa mvua. Hadungi wala haumi. Sumu iko ndani ya mwili wake na hutoka akipondwa. Mpulize kwa pumzi aondoke, usimponde, na uoshe ngozi kwa sabuni.

Dalili: tulipuliza, wakarudi

Bila shaka walirudi. Dawa ilipiga waliokuwa hewani na kulowesha sehemu ya juu ya mchanga. Buu alikuwa chini, mlango umezibwa, na kifuko chake hakipitishi maji kirahisi. Wanaomwaga petroli au mafuta taa shimoni wanahatarisha nyumba na kuharibu mchanga wa plasta, na bado wanamkosa mwenyewe.

Ondoa kinachowaleta. Nyigu huyu anataka mambo matatu: mchanga uliolegea, ulio wazi, na unaopigwa na jua. Mchanga wa mjengo, ufunike kwa turubai jioni wakiwa wametulia, au utumie. Mafundi wachote asubuhi mapema kabla jua halijapanda, hawatasumbuliwa. Ua wenye udongo mtupu, panda nyasi au mwaga kokoto. Mchanga wa watoto, uwe na kifuniko ambacho kinarudishwa baada ya mchezo, na ukoroge kwa reki kila siku. Jike hapendi kuanza upya kila asubuhi. Kulowesha kwa mpira wa maji husaidia kwa siku chache tu, na kwa bei ya maji ya bauza sioni faida.

Kama rundo liko pembeni na halina kazi kabla ya msimu kwisha, liache. Weka kijiti na kitambaa ili lori lisirudi nyuma juu yake.

Bado hujamtambua

Mpige picha akiwa na mzigo, hata ikiwa na ukungu kidogo. Ukimpata amekufa, mtie kwenye chupa kavu pamoja na windo lake, uweke friji ya kugandisha, uandike tarehe na mtaa. Idara ya wadudu ya Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill, ina mkusanyiko wa kumlinganisha nao. Usimfunge kwenye tishu iliyolowa; ataoza na nywele za usoni, ambazo ndizo wataalamu hutaka kuziona, zitashikana.